Upanga wa Mwanga Umekufa Sauti? Usikimbilie Kurudisha Hela, Kagua Hivi Kwanza

Somo la leo ni la sisi tunaouza mtandaoni vitu vya umeme tulivyounga wenyewe, hasa hizi panga za mwanga, zile ukiwasha zinawaka rangi na ukizipunga zinanguruma. Mimi nazitengenezea hapa Chalinze, nauza kwa WhatsApp na Instagram, mzigo unatoka kwa basi. Njia panda yetu hii ni neema kwa muuzaji. Basi la Tanga, Moshi na Arusha linapita hapa, la Morogoro, Dodoma na Mbeya linapita hapa, ya Dar ndio usiseme. Ila kumbuka kila barabara hapo ina matuta yake, na kila tuta linatikisa upanga wako ndani ya boksi.

Malalamiko mengi ninayopokea yanafanana: "Taa zinawaka, sauti hamna." Ukisikia hivyo, mkono unakimbilia kuandika "rudisha nikubadilishie." Subiri kwanza, tupige hesabu. Upanga nauza 45,000. Vifaa vyake vyote, pamoja na boksi, vinanila 28,000. Faida 17,000. Mzigo kurudi kwa basi 5,000, kwenda tena 5,000. Hapo faida imebaki 7,000, na siku yako ya kazi imeliwa. Ukirudi mara ya pili unadaiwa 3,000. Sasa mizigo mingi inayorudi haikuwa na haja ya kupanda basi kabisa. Ingetengenezwa hukohuko kwa mteja, kwa simu, ndani ya dakika kumi.

Kwa hiyo lazima ujue sauti inatoka wapi. Ndani ya mpini kuna betri, kuna kibodi cha Arduino Nano ambacho ndio ubongo, kuna kihisi cha mtikisiko, kuna utepe wa taa za LED, na kuna bodi ya sauti. Wengi wetu tunatumia DFPlayer Mini, kile kidogo kuliko kiberiti, chenye tundu la memori kadi. Ubongo unakiambia "cheza namba moja," chenyewe kinasoma faili kwenye kadi na kupeleka sauti kwenye spika. Mlolongo ni huo: umeme, amri, kadi, spika. Sauti ikifa, mmoja kati ya hao wanne amegoma, na kila mmoja ana namna yake ya kugoma. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mteja huwa moja tu: "Imekufaje?"

Kuna dada wa Korogwe alinitumia ujumbe Ijumaa jioni. "Kaka, upanga umefika ila hauongei, na birthday ya mtoto ni kesho." Kesho! Hapo hata ungetaka kubadilisha, hakuna basi la kukuokoa. Nikamjibu, "Pole dada, usijali. Sauti ilishawahi kusikika hata mara moja tangu uufungue?" Akasema haijawahi. Taa zinawaka? Zinawaka vizuri. Basi hilo jibu limeshanipunguzia kazi. Umeme upo, ubongo unafanya kazi, na upanga ulitoka kwangu ukiwa unaongea, ninayo video. Kilichobadilika ni safari. Nikamwambia azime, afungue kifuniko cha nyuma kwa bisibisi ndogo, atafute kadi na kuisukuma ndani taratibu mpaka ikae. Akawasha. Nikasikia upanga ukinguruma kwenye simu kabla yeye hajasema kitu.

Kadi kuchomoka njiani ni jambo la kawaida mno. Siku hizi kila kadi naiwekea kipande cha selotepu juu ya tundu, na mpini naujaza sponji ili kitu kisicheze ndani. Gharama yake haifiki hata shilingi mia.

Tukiwa bado kwenye kadi: kibodi hiki kinasoma kadi zisizozidi GB 32, zilizofomatiwa FAT32 au FAT16. Ukinunua kadi ya GB 64 huwa inakuja na fomati nyingine, exFAT, na bodi itakaa kimya kama haijaona kitu. Hamna haja ya kadi kubwa. Sauti zote za upanga hazijazi hata robo ya GB 1, tafuta kadi ndogo ya bei rahisi ila nzima. Kama ni kadi iliyotumika, ifomati upya kwenye kompyuta kabla ya kuweka chochote. Nimeshaletewa upanga wa mwenzetu ukiwashwa unapiga taarab, maana kadi ilitoka kwenye sabufa ya nyumbani na mafaili ya zamani yalibaki. Mteja alicheka. Wako anaweza asicheke.

Halafu kuna kosa la majina. Upanga unaongea, lakini ukiwasha unatoa sauti ya kuzima, ukigonga unatoa sauti ya kuwasha. Watu wanadhani programu imeharibika. Kumbe kuna amri inayochezesha faili kwa mpangilio lilivyoingia kwenye kadi, wala haiangalii jina. Ukiburuta mafaili yote kwa pamoja, kompyuta inaweza kuyaingiza kwa mpangilio wowote. Dawa ni kutengeneza folda inayoitwa mp3, mafaili uyape majina 0001.mp3, 0002.mp3 na kuendelea, na kwenye programu utumie amri inayosoma folda hiyo kwa namba. Ukishindwa, basi fomati kadi na kopi faili moja moja kwa zamu. Inachosha lakini inafanya kazi. Wanaotumia kompyuta za Mac waangalie pia yale mafaili ya siri yanayoanza na nukta na mstari, yanaingia kwenye kadi bila kuombwa na kuvuruga hesabu.

Sasa njoo kwenye ugonjwa ambao unawatesa wengi na ambao mafundi wengi wanautibu vibaya: sauti ipo, ila inakufa mtoto anapogonga.

Kule Bagamoyo kuna vijana wengi wa maigizo na ngoma, mji ule una historia ndefu ya sanaa tangu Chuo cha Sanaa kilipoanza mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa. Kijana mmoja wa maigizo alinunua panga mbili kwa ajili ya onyesho. Akanipigia: "Fundi, tukipunga zinanguruma freshi. Tukigonganisha tu, kimya. Baada ya sekunde mbili zinarudi." Fundi mmoja wa mtaani kwao alishamwambia bodi ya sauti imekufa, anunue nyingine. Angenunua hata tano, ugonjwa ungebaki palepale.

Fuatilia hesabu hii. Taa moja ya utepe aina ya WS2812 ina taa tatu ndani yake: nyekundu, kijani na bluu. Kila moja ikiwaka kabisa inakula kama miliampia 20. Ukiwa na taa 60 zenye rangi ya bluu tupu, unakula ampia 1.2. Lakini upanga ukigongwa, programu nyingi zinamulika nyeupe ili kuonyesha cheche. Nyeupe ni rangi zote tatu kwa pamoja, yaani miliampia 60 kwa kila taa. Mara 60, ni ampia 3.6. Kwa volti 5 hiyo ni wati 18. Na kama betri yako ni moja ya volti 3.7, ukipitisha kwenye bodi ya kupandisha umeme, betri inatakiwa kutoa karibu ampia 5 kwa mkupuo, tena hapo hujahesabu unaopotea njiani. Betri ikizidiwa, volti zinashuka. Bodi ya sauti inataka kati ya volti 3.2 na 5. Zikishuka chini ya hapo hata kwa kufumba na kufumbua, inazima na kuanza upya. Ndio hizo sekunde mbili za kimya.

Utajuaje kama ni hilo kweli? Usitegemee mita peke yake, hizi mita zetu za bei ndogo ni nzito, mshuko wa haraka namna hiyo hauuoni. Fanya hivi: chomoa waya chanya wa utepe wa taa, acha sauti peke yake, kisha gonga upanga. Sauti ikitoka vizuri, bodi ni nzima na tatizo ni umeme. Sauti ikiendelea kufa hata bila taa, hapo ndipo uanze kushuku waya uliolegea. Kijana wa Bagamoyo alifanya hivyo mbele ya kamera, sauti ikatoka safi, na yule fundi akabaki anaangalia.

Matibabu yake yapo kadhaa na mimi huwa nafanya yote, maana kila moja linasaidia kidogo. Napunguza mwanga wa nyeupe kwenye programu hadi nusu, jicho halioni tofauti kubwa lakini betri inapumua. Naweka kapasita ya 1000 µF ya volti 10 karibu kabisa na pini za umeme za bodi ya sauti, kwa kuangalia upande wa hasi usije ukaigeuza, ikigeuzwa inaweza kupasuka. Natoa waya za taa moja kwa moja kwenye betri na waya za sauti peke yake kutoka kwenye betri hiyohiyo, zisikutane njiani. Na waya za taa ziwe nene. Zile nyembamba za rangirangi za majaribio ni za mezani, haziwezi kubeba ampia 4.

Kama upanga mzima unazima, taa na sauti kwa pamoja, hadithi ni nyingine. Zile bodi ndogo za kuchajia za TP4056 zenye ulinzi zinakata umeme mzigo ukizidi, nyingi hukata kwenye kama ampia 3. Hazijaharibika, zinafanya kazi yake. Usije ukaruka ulinzi huo kwa waya ili upanga uwake. Hiyo ni betri ya lithiamu mikononi mwa mtoto.

Na betri zenyewe, jamani. Ukiona betri ya 18650 imeandikwa 9900 mAh, huo ni uongo ulioandikwa kwenye plastiki. Zile nzuri kweli zinacheza kwenye 3500 mAh hivi. Ya kweli ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, nyingi za uongo ni nyepesi mno. Nikienda Kariakoo nabeba kamzani kadogo ka jikoni, wauzaji wengine wananicheka, wengine wananuna. Betri dhaifu inawasha taa vizuri ukiwa dukani, ila haiwezi kutoa mkupuo, na malalamiko yatakuja kwako wala hayatakwenda kwa aliyekuuzia.

Spika nayo ina kipimo chake rahisi ambacho hata mteja anaweza kukifanya. Chukua betri ya kawaida ya rimoti, gusisha waya mbili za spika kwenye ncha zake kwa sekunde moja. Ukisikia "tk", spika ni nzima. Kimya kabisa, ama spika imekufa au waya umekatika kwenye kiungo cha risasi. Ukiwa na mita, spika ya omu 8 inasoma kama 7 hivi, ni kawaida, usiitupe. Tumia spika isiyozidi wati 3, na tafadhali usiunge upande wowote wa spika kwenye hasi ya betri. Kwenye redio nyingi watu wamezoea hivyo, lakini bodi hii spika yake inakaa kati ya SPK_1 na SPK_2 tu. Ukiunga kwenye GND unaweza kuiua bodi.

Spika nzima, kadi nzima, umeme upo, bado kimya? Itenge bodi na ubongo. Ipe umeme, unga spika, weka kadi, kisha chukua kipande cha waya ugusishe pini ya ADKEY_1 na GND mara moja. Ikicheza faili la kwanza, bodi ni nzima na tatizo liko kwenye amri zinazotoka kwenye Arduino: waya umeachia, au RX na TX zimeungwa vibaya. TX ya huku inaingia RX ya kule, zinapishana. Isipocheza, hapo sasa ndio una haki ya kusema bodi imekufa. Watu wengi wanaanza na hukumu hii, mimi naiweka mwisho.

Kelele ya "krrr" wakati upanga umetulia, hiyo mara nyingi ni ya ule waya wa amri. Arduino inatoa volti 5, bodi ya sauti inapenda 3.3. Weka rizista ya 1K kwenye waya unaoingia RX, kelele inapungua sana au kuisha kabisa. Waya za spika nazo zisokote pamoja, zipite mbali na waya za taa.

Kitu kingine kinachotuchanganya ni bodi za kuiga. Ya asili ina chipu ya YX5200. Madukani zimejaa nyingine zenye chipu kama MH2024K au GD3200, zinafanana kwa umbo na pini, bei chini kidogo. Sisemi usinunue, mimi mwenyewe nazitumia. Ila tabia zake hazilingani: nyingine inachelewa kuanza, nyingine inapiga "pop" kila inapowashwa, nyingine haijibu ubongo ukiiuliza swali, na programu inayosubiri jibu inagoma palepale. Ukinunua bodi 10, soma namba ya chipu, zitenge kwa makundi, ujaribu moja ya kila kundi na programu yako kabla ya kuunga zote. Mimi naongeza pia kusubiri sekunde 2 baada ya kuwasha kabla ubongo haujatoa amri ya kwanza. Bodi nyingi "zilizokufa" zimefufuka kwa hizo sekunde mbili.

Kuna malalamiko ambayo ni maumbile ya kifaa tu, hakuna ubovu, na hayo uyaseme mapema kwenye tangazo. DFPlayer inacheza sauti moja kwa wakati. Ukipunga, ule mngurumo wa chini unakatika ili sauti ya kupunga isikike, halafu unarudi. Mteja aliyeona za kwenye filamu anasema unakwamakwama. Mweleze kabla hajalipa. Halafu faili la mngurumo lifanye refu, dakika tano hivi, maana fupi la sekunde mbili likijirudia utasikia mkato kila mara. Sauti usiipandishe hadi 30, ambayo ndiyo mwisho. Mimi naishia 22, spika inaishi zaidi na betri pia.

Na hizo sauti mnazozipakua za filamu, zina wenyewe, kama jina la upanga wenyewe lilivyo na wenyewe. Star Wars ilitoka 1977, na kampuni iliyoitengeneza, Lucasfilm, ilinunuliwa na Disney mwaka 2012. Kwenye matangazo yangu naandika "upanga wa mwanga unaonguruma" na sauti narekodi mwenyewe. Msidhani ni kazi kubwa. Ben Burtt aliyetengeneza ile sauti ya kwanza alitumia mvumo wa mota ya projekta ya sinema akauchanganya na mzizimo wa runinga. Ile ya kupunga aliipata kwa kupunga maikrofoni mbele ya spika inayopiga mvumo huo. Wewe una friji, una pangaboi, una simu. Nenda kwenye friji la duka la jirani saa linaponguruma, rekodi dakika moja, irudie kwenye spika, kisha pitisha simu nyingine mbele yake haraka huku inarekodi. Utashangaa. Watoto wa hapa Chalinze hawajui kama upanga wao ni friji la soda.

Kabla ya kufunga boksi, upanga wangu unakaa umewaka dakika 15 ukinguruma. Naugonga kiganjani mara 20, nautikisa kichwa chini, naugonga tena. Halafu narekodi video yake ukiwaka na kuongea, namba ya oda ikionekana kwenye karatasi pembeni, na hiyo video namtumia mteja kabla basi halijaondoka. Swichi nazima na kuibandika selotepu ili isijiwashe njiani, maana betri ya lithiamu haitakiwi kufanya kazi ndani ya boksi kwenye joto la buti la basi. Kwenye boksi naweka karatasi ndogo: "Sauti isipotoka, zima, fungua kifuniko cha nyuma, sukuma kadi ndani, washa. Ikigoma, nitumie video ya sekunde kumi kabla ya kurudisha mzigo." Bisibisi ndogo naiweka humohumo, maana ukimwambia mtu afungue skrubu naye hana bisibisi, atatumia kisu.

Mambo ya kuchaji, kwa nini upanga unachaji usiku kucha haujai, nitayaandika peke yake wiki ijayo, yana habari zake ndefu.